Je, Wajua? Binti Sultani aliyejua upanga

Kabla ya kuwa mwandishi, Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyezaliwa 1844, alifunzwa na kaka yake Majid kupigana kwa upanga, jambia na mkuki, na kulenga shabaha kwa bunduki. Mama yake hakupendezwa hata kidogo.

Mwaka 1859 Barghash, kaka yao mwingine, alitaka kumpindua Majid, aliyekuwa Sultani wakati huo. Waliomuunga mkono walikuwa akina Al-Harthi, ukoo wenye asili ya Oman. Salme, kijana wa miaka kumi na tano, akawa karani wa uasi: aliandika barua za kumwangusha kaka aliyemlea. Uasi ukashindwa.

Kisha likaja penzi. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akatoroka 1866 akiwa mjamzito, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Mume alifariki 1870, akamwacha Ujerumani na watoto watatu.

Kumbukumbu zake zilitoka 1886. Zinachoma zaidi pale anapoeleza alivyochanika moyo kati ya ndugu wawili.