Shelly Beach kwa Pesa Kidogo: Mambo ya Kujua Kabla Hujavuka Feri

Wikendi ikifika, wateja wetu wengi wa kisiwani hufikiria Nyali au Diani. Nyali inajaa, Diani nauli inapanda. Na hapo ng'ambo tu, kama kilomita tatu hivi kutoka feri ya Likoni, kuna Shelly Beach. Sisi tunaipenda kwa sababu ya kibahili kabisa: ukijipanga, safari yenyewe haikugharimu sana. Wanaorudi nyumbani wakilia, mara nyingi wamelizwa na haraka ya kutuma pesa.

Tuanze na feri. Ukivuka kwa miguu hulipi chochote. Wanaolipa ni wenye vyombo. Kwa hivyo mtu akikusimamisha kwenye njia ya waendao kwa miguu akitaka umtumie "ya tiketi", mpite tu, usibishane. Matatu za mjini zinaishia stage ya feri, unashuka, unavuka, na upande wa Likoni unatafuta usafiri mwingine.

Kenya Ferry Services ilikuwa ikitaja zaidi ya watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku kwenye kivuko hiki. Ni watu wengi. Lakini siku za kazi asubuhi umati mkubwa unatoka Likoni kuja mjini, na jioni unarudi. Wewe wa kisiwani unayekwenda Shelly unapishana nao, kwenda na kurudi. Siku za Idd na Krismasi usitegemee hilo, kila upande ni msongamano.

Ndani ya umati huo simu ikae mfuko wa mbele, na usifanye muamala wowote mpaka ushuke. Kuvuka ni dakika chache tu, na ukibonyeza namba ya siri pale, walio nyuma yako wote wanaiona. Jambo jingine dogo: andika kwenye karatasi namba ya mtu mmoja wa nyumbani pamoja na ile ya huduma kwa wateja, uiweke mbali na simu. Simu ikipotea utaazima ya mtu, upige laini ifungwe. Hapo ndipo wengi hugundua hawajui kwa kichwa hata namba ya mama yao.

Mnaotoka bara na gari, au mlioshuka treni ya SGR pale Miritini na mmekodi gari, si lazima mpite feri. Barabara ya Dongo Kundu inawatoa Kibundani, kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, halafu mnarudi nyuma kuelekea Likoni. Ni mzunguko, ila hakuna foleni ya feri.

Upande wa Likoni kuna tuktuk na bodaboda wa kukupeleka kwa barabara ya Shelly Beach. Uliza bei kabla hujakaa:

"Kaka, Shelly ni ngapi? Ya mtu mmoja ama tuktuk nzima?"

Hilo swali la pili ndilo muhimu. Ugomvi mwingi wa kushuka unatokana nalo, abiria alidhani bei ni ya wote kumbe ni ya kila kichwa. Uliza pia kama anapokea kwa simu, na kama ada ya kutuma ni juu yako. Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, umwambie, "Jina linakuja la mwanamke, ni sawa?" Huenda ni laini ya mkewe, hakuna ubaya. Ubaya ni kubonyeza kwanza na kuuliza baadaye, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mtu msiyemjua nyote wawili.

Sasa bahari yenyewe. Shelly si ufuo wa kufika saa yoyote ukaogelea. Maji yakitoka, mbele yako kuna mwani, vidimbwi na mawe ya matumbawe, na yale mawe yanakata. Watu wanafika saa tano asubuhi na watoto na mabegi, wanakuta maji yako mbali kule, wanakasirika. Wenyeji hutazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja alfajiri, na tena jioni saa hizo hizo. Saa nne na tano asubuhi ndipo yamekupwa kabisa. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, hata baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa hizo saa nne na tano asubuhi, ingawa hayapandi sana kama ya bamvua.

Kwa hivyo mwezi ukiwa mpevu, nenda mchana, ogelea jioni. Au nenda asubuhi makusudi, uvae viatu vya mpira, utembee na watoto kwenye vidimbwi mkitazama samaki wadogo, ila muwe mmerudi mchangani maji yanapoanza kupanda. Msimu nao una kazi yake. Wakati wa kaskazi, kama Desemba hadi Machi, bahari huwa shwari zaidi. Kusi ikivuma mwani unaletwa pwani kwa wingi na mawimbi yana nguvu. Meli zinazoingia na kutoka Kilindini utaziona msimu wowote, na hilo halina malipo.

Kwenye kula, beba noti ndogo ndogo. Dafu, muhogo, viazi karai, mabuyu: haya ni mambo ya shilingi chache, na si kila muuzaji ana Till. Aliye na Till mlipe huko, jina la biashara linatokea na unabaki na rekodi.

Na wewe unayeuza, tunajua mko wengi mnaosoma hapa, usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tazama simu yako, na kukiwa na haraka angalia salio. Ni hivyo hivyo anapokuja mtu akisema, "Mama, nimetuma 1,500 badala ya 150, nirudishie." Kama pesa haikuongezeka kwenye salio, hakuna cha kurudisha. Kama imeingia kweli, mwambie aombe muamala urejeshwe kwa kupitia huduma kwa wateja. Usimtumie wewe mwenyewe, maana akiomba urejeshwe baada ya wewe kumtumia, unaweza kulipa mara mbili.

Pesa kubwa hupotea kwingine: nyumba za kukodi za wikendi. Tuseme chama chenu cha watu 12 kimeona picha ya nyumba nzuri mtandaoni, "dakika mbili kutoka Shelly Beach". Mwenye tangazo ni mpole, anawaita dada zangu, kisha anasema kuna wageni wengine wanaitaka, tumeni nusu sasa hivi. Mhazini anatuma kwa namba ya kawaida. Jumamosi mko Likoni na mabegi, simu yake haishikiki.

Ukweli mchungu ni kwamba tukiombwa kurejesha muamala, tunachoweza kukifuata ni pesa iliyobaki kwenye akaunti ya aliyetumiwa. Akishaitoa kwa wakala, inabaki kesi ya polisi. Kwa hivyo kabla ya deposit, mtu mmoja wa chama avuke feri akaione nyumba kwa macho. Ni bure kuvuka, ni nauli ya boda tu. Aulize majirani na bodaboda wa stage ya karibu kama nyumba hiyo hukodishwa na ni ya nani. Kama nyote mko Nairobi, mtakeni mwenye nyumba awapigie video akiwa amesimama getini, atembee nayo mpaka barabarani. Lipeni kwa Till au Paybill yenye jina la biashara, deposit iwe ndogo, na salio mlipe mkishapewa funguo. Akikataa yote hayo, tafuteni nyumba nyingine.

Kurudi, feri inafanya kazi usiku na mchana, lakini tunashauri mtoke ufuoni kabla giza halijaingia, na simu ya mmoja wenu ibaki na chaji. Nauli ya kurudi iweke noti mkononi tangu asubuhi. Mtandao ukisumbua jioni pale Likoni, dereva wa tuktuk hatasubiri urudi.