Mtafiti akibisha hodi, jua alichofunzwa

Hapa Pwani tumehojiwa sana. Uvuvi, mikoko, malaria, dawa za kulevya, ardhi, makaya: kila msimu kuna mwanafunzi wa chuo kikuu anayebisha hodi na karatasi za maswali mkononi. Nasi kwa ustaarabu wetu tunamkaribisha, tunamtilia maji, tunamjibu, anaaga. Wengi wao hatuwaoni tena.

Kwa miaka kadhaa nimekaa katika kamati ya maadili ya utafiti nikiwa mjumbe wa kawaida, yaani yule asiyekuwa daktari wala profesa, aliyewekwa pale awe sikio la wananchi. Hapo nimeona mambo ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamifu hufunzwa kabla ya kuja kwako. Nayaeleza hapa kwa kuwa yanakuhusu wewe kuliko yanavyomhusu yeye.

Mafunzo huanza na historia, nayo ni chungu. Kule Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maafisa wa afya wa serikali waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli. Penisilini ilipojulikana kuwa dawa ya ugonjwa ule, hawakupewa. Wengine walikufa, wengine wakawaambukiza wake zao. Aibu ile ndiyo iliyozaa ripoti ya Belmont ya 1979, inayodai mambo matatu: mtu aheshimiwe, asidhuriwe, na mzigo wa utafiti usitwikwe maskini huku faida ikienda kwa wengine.

Kutoka hapo linakuja suala la ridhaa, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Saini au dole gumba si ridhaa. Ridhaa ni wewe kuelewa, kwa lugha unayoisema nyumbani, utafiti unahusu nini, nani anaulipia, sauti yako ikirekodiwa itawekwa wapi, na kwamba unaweza kukataa au kuacha katikati bila kunyimwa chochote. Nimesoma fomu za ridhaa za Kiswahili ambazo hata mimi niliyelelewa nacho nilizisoma mara mbili na nisizielewe. Tuliwarudishia wenyewe. Aidha, ruhusa ya mzee wa mtaa ni adabu njema na haina budi kuombwa, lakini haiwi badala ya ruhusa ya mama aliyekaa mkekani. Naye mume hamjibii mkewe. Ukipewa nauli au fidia ya muda wako, hilo ni sawa. Zikiwa pesa za kukufanya ushindwe kusema la, hapo pana kasoro.

Sisi hatuhitaji kwenda Alabama kutafuta mifano. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia nduguze waliofariki. Baadaye vigango vile viliibwa. Miaka ilipita, kisha vikapatikana katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani, na picha ile ile ikawa ushahidi wa mwenyewe ni nani. Mwaka 2007 familia ikarudishiwa kigango. Kwangu mimi kisa hiki kina funzo la pande mbili. Rekodi ya mtafiti ilisaidia kwa sababu aliitunza na akarudi kuwatafuta wenyewe. Lakini rekodi kama hiyo, ikionyesha mahali hasa penye kigango, mti wa dawa au mwamba wenye samaki, ikianguka mikononi mwa mwizi ni ramani tosha. Ndiyo maana mwanafunzi hufunzwa kuficha majina na mahali.

Nusu ya pili ya mafunzo ni uadilifu: usibuni majibu, usiyapotoshe, usiibe maandishi ya mwenzio. Uholanzi walijifunza kwa machungu mwaka 2011, ilipogunduliwa kuwa profesa Diederik Stapel alikuwa akipika takwimu kwa miaka mingi na kuwapa wanafunzi wake wa uzamifu waziandikie tasnifu. Waliomfichua walikuwa watafiti vijana waliokuwa chini yake. Huku kwetu upishi huwa wa kienyeji zaidi: msaidizi aliyelipwa kwa idadi ya fomu hukaa chini ya mwembe akajijibia nyingine mwenyewe. Takwimu kama hizo zikiamua zahanati ijengwe wapi, anayeumia si mwanafunzi.

Basi akija, muulize. Kwa sheria ya 2013, utafiti nchini unahitaji leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, yenye nambari na jina lake. Muulize pia barua ya kamati ya maadili. Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe na nambari ya simu ya kamati hiyo, si ya mtafiti peke yake, na nakala yake moja ibaki kwako. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje.

Kisha muulize atarudi lini kuwasomea matokeo, na kwa lugha gani. Wengine swali hilo huwashtua. Mmoja aliyeulizwa hivyo mbele ya kamati yetu alikwenda kuongeza siku mbili katika ratiba yake, na nauli ya kurudi katika bajeti.