Kabla hujapanda juu ya mjengo, uliza atakayekushusha

Ukipata kibarua cha mjengo orofa ya kumi, magoti yatatetemeka siku ya kwanza. Usione haya. Mafundi wakongwe watakucheka, ila nao walipitia hapo hapo. Wa kuogopwa ni yule asiyeshtuka tena: anatembea juu ya ubao simu ikiwa sikioni, mshipi wa usalama ameuangika kwenye msumari eti unamchelewesha.

Mshipi wenyewe si hirizi. Ukiuvaa bila kuufunga mahali imara, hilo ni pambo tu. Na hata ukikudaka, hatari haijaisha. Ukining'inia bila kusonga, mikanda hubana mapaja, damu hujikusanya miguuni, na unaweza kuzimia kwa dakika chache tu. Kwa hivyo muulize msimamizi mapema: nikibaki hewani, nani atanishusha, na kwa kifaa gani? Akianza kukukodolea macho, basi jibu unalo.

Najua utaniambia, "Nikikataa, langoni kuna vijana kibao wanaoitaka nafasi yangu." Ni kweli, na ndiyo maana wengi hupanda kimya kimya. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Pia inamkataza kukufuta kwa sababu umeondoka mahali ambapo una sababu ya kuamini maisha yako yamo hatarini. Mwambie msimamizi kwanza, ikiwezekana mwenzako akisikia, ndipo ushuke.