Mafuta ya Usukani Yanapovuja: Uchunguzi na Matengenezo

1. Utangulizi

Katika karakana nyingi za mji wetu wa Lubumbashi, mwenye gari hufika akiwa na kauli moja tu: "Usukani unavuja." Mara nyingi jibu la fundi nalo huwa fupi: "Tubadilishe pampu." Kati ya kauli hizo mbili fedha nyingi hupotea, kwani pampu ni mojawapo tu ya mahali pane ambapo mafuta huweza kutokea, na pengine tatizo ni kibano cha chuma cha bei ndogo. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutafuta chanzo cha uvujaji na namna ya kukitengeneza. Mfano wetu ni pikapu ya Toyota Hilux yenye pampu inayozungushwa na mkanda wa injini.

2. Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Pampu huvuta mafuta kutoka katika chombo kidogo na kuyasukuma, kupitia mpira mgumu, hadi kwenye sanduku la usukani. Dereva anapokata kona, vali huyaelekeza mafuta upande mmoja wa pistoni, nayo humsaidia kugeuza magurudumu. Kisha mafuta hurudi chomboni kwa mpira mwingine, ulio laini. Nguvu inayotiwa juu ya eneo fulani wanafizikia huiita kanieneo. Mafundi husema presha. Ikiwa kanieneo ni kilo 60 kwa kila sentimita mraba, na pistoni ina sentimita mraba 25, msukumo wake ni kilo 1500. Mhandisi wa Marekani Francis Davis alionyesha mtambo wa namna hii mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler iliuweka katika gari lake la Imperial mwaka 1951.

Jambo la kukumbuka ni hili: mafuta haya hayachomwi kama petroli, bali huzunguka tu. Kwa hiyo, yakipungua, yametoka mahali fulani.

3. Uchunguzi

Dalili ni tatu: usukani kuwa mzito, hasa gari likienda polepole, mlio wa kuvuma wakati wa kukata kona, na mapovu ndani ya chombo. Mapovu huonyesha kwamba hewa imeingia.

Lazima kwanza tuhakikishe kwamba kinachovuja ni mafuta ya usukani. Katika Hilux nyingi mafuta hayo ni yale ya giaboksi ya otomatiki, ambayo huwa mekundu. Kwetu, ambako udongo wenyewe ni mwekundu, tone lake halionekani kwa urahisi. Hivyo tulaze karatasi ngumu nyeupe chini ya injini usiku kucha. Mafuta ya injini huacha doa la kahawia au jeusi. Maji ya rejeta ni mepesi na hayatelezi kama mafuta. Mafuta ya breki yana rangi ya manjano hafifu.

Doa hilo halionyeshi chanzo, maana feni na upepo huyapeleka mafuta nyuma na chini. Tuoshe sehemu zote, tuzikaushe, tuwashe injini, kisha mtu mmoja azungushe usukani kushoto na kulia bila kuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde tano. Mahali pa juu kabisa panapolowa kwanza ndipo penye chanzo.

Hapa lugha yetu yatusaidia. Pete ya mpira iliyochakaa hutoa jasho kwanza, kisha hudondosha. Mpira wa kurudisha mafuta huchuruzika. Mpira mgumu uliopasuka huruka, tena huruka zaidi usukani unapozungushwa. Usipapase mpira huo kwa mkono injini ikiwaka, kwani mchirizi mwembamba wenye kanieneo kubwa unaweza kutoboa ngozi.

4. Matengenezo

(a) Mpira wa kurudisha: kaza au badilisha kibano. Mpira ukiwa umepasuka nchani tu na una urefu wa kutosha, ukate na kuurudisha. La sivyo, weka mpya wa kustahimili mafuta.

(b) Mpira mgumu: badilisha wote. Mpira wa kawaida uliofungwa kwa kibano hauwezi kuhimili kanieneo hiyo.

(c) Pampu: mafuta yakitoka nyuma ya puli, badilisha pete ya mpira ya mhimili, yaani sili. Mhimili ukiwa na michubuko, sili mpya haitadumu.

(d) Sanduku la usukani: katika Hilux za zamani, sili ya mhimili wa chini ndiyo huchakaa. Kabla ya kufungua mkono wake, weka alama ili urudi mahali pake. Katika zile zenye fito ya meno, minya mipira yenye mikunjo kandokando. Ikiwa na mafuta ndani, sili za fito zimekwisha.

Baada ya kazi, jaza mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari. Inua magurudumu ya mbele na, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mara kumi au zaidi mpaka hewa itoke, ukiongeza mafuta. Kisha washa injini na kurudia. Mapovu yakiisha, kazi imekamilika.

5. Njia za mkato

Wako wanaotia mafuta ya breki. Hayo huharibu sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini. Dawa za kuziba huvimbisha sili kwa muda, lakini haziponyi mpira uliopasuka. Kuongeza mafuta kila asubuhi nako ni hatari: yakidondokea bomba la moshi lenye joto huweza kushika moto, na pampu ikikosa mafuta hujisaga yenyewe. Msaada ukikatika ghafla usukani bado hugeuka, ila kwa uzito mkubwa. Katika kona, nyuma ya lori la shaba, uzito huo unaweza kugharimu maisha.

6. Hitimisho

Mwenye gari aeleze mafuta yanatoka wapi, lini na kwa namna gani: yanatoa jasho, yanadondoka, yanachuruzika au yanaruka. Naye fundi aonyeshe chanzo kilicholowa kabla ya kutaja bei ya pampu.