Pumu ya ngozi: kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani sana

Wazazi wengi wanangoja kuona wekundu ndipo wamwambie daktari. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, mara nyingi huonekana kijivu, kahawia au zambarau, hasa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Basi mwonyesheni daktari rangi ya kawaida ya mtoto, halafu pale palipobadilika.

Hapa Brussels ninapoishi, wakati wa baridi hita hukausha hewa na ngozi nayo hukauka. Huko kwenu Muscat au Dubai, AC hufanya kazi hiyohiyo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini hutulizwa. Mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha mpakeni vaselini mwili ukiwa bado na unyevu. Fanyeni hivyo kila siku, hata ngozi ikiwa nzuri. Bukhuri na udi viwe mbali na nguo zake.

Muwasho ukizidi, daktari huandika krimu ya steroidi. Msiiogope, ila fuateni kipimo na siku alizosema. Ya kuogopwa ni krimu za kujichubua, kama zile zinazouzwa mtaa wa Matongé hapa Brussels. Baadhi hukutwa na klobetasoli, steroidi kali iliyokatazwa katika vipodozi Ulaya. Ukiipaka kiholela utapata nafuu siku chache, kisha ngozi itakuwa nyembamba na ugonjwa utarudi kwa nguvu zaidi.