Mawimbi yasiyotakikana si 'kelele'

MWANAFUNZI wangu aliyekuwa akitafsiri mwongozo wa wapenzi wa redio wa Marekani aliniletea sentensi hii: 'Pima kelele za redio ya mkononi.' Nikamwambia, hapo umepotoka.

Kelele husikika. Kinachopimwa hapa hakimfikii aliyeshika redio. Humsumbua mwingine, tena kwenye masafa mengine kabisa. Redio ikirusha katika megahezi 145, hurusha pia, kichinichini, katika 290 na 435. Hivi ni vigawe vya 145. Mbona basi tusiseme 'mawimbi ya vigawe'? Neno lenyewe watoto wa shule za msingi Tanzania wanalo katika Hisabati.

Kifaa cha kupimia ningekiita 'kichanganuzi masafa'. Kioo chake huchora kila wimbi kama mlingoti. Urefu ndio nguvu. Redio huungwa nacho kwa waya kupitia kipunguza nguvu, la sivyo wati 5 zitakiunguza. Kisha vijiti vidogo hulinganishwa na mlingoti mkuu. Kwa redio kama hiyo, sheria ya Marekani haikubali kijiti kipite mikrowati 25, yaani sehemu moja kwa 200,000.

"Basi niseme 'inavuja'?" akauliza. La hasha! Kinachovuja kina ufa, ilhali mawimbi haya hupitia antena ileile. Aliyeambiwa 'kelele' atapunguza sauti, aliyeambiwa 'kuvuja' atasaka ufa, kumbe kasoro ni kichujio hafifu kabla ya antena.