Saa kuukuu za kujaza: Burudani ya kiangazi isiyopaswa kula fedha za mavuno

MAHINDI yakishaingia ghalani na kabla mvua za vuli hazijaanza, mkulima wa Mazingara na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe hupata wiki chache za kupumua. Wapo wanaozitumia kucheza bao, wapo wanaokarabati nyumba na wapo wanaokwenda mjini kutafuta kibarua.

Ipo kazi nyingine ya mikono inayofaa kipindi hicho, ambayo haihitaji umeme wala mtaji mkubwa. Kazi hiyo ni kutengeneza saa kuukuu za mkono, zile za kujaza ambazo wazee walizivaa kabla ya kuja kwa saa za betri na simu za mkononi.

Saa hizo bado zimo majumbani. Zimelala kwenye masanduku na droo za makabati, na nyingi zimesimama si kwa sababu zimekufa bali kwa sababu ya vumbi na mafuta yaliyokauka. Nyingine huonekana siku ya gulio, zikiwa zimechanganywa na miwani, redio na vitu vingine vya mitumba.

Swali la kujiuliza ni je, kazi hii ni burudani, ni biashara, au ni mlango mwingine wa kupotezea fedha za mavuno? Jibu linategemea mambo matatu: kuifahamu saa yenyewe, kuweka hesabu, na kujua ni saa ipi isiyofaa kufunguliwa kabisa.

Saa katika nchi ya mkonge

Mwaka 1893 ulianza ujenzi wa reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya mkoa wa Tanga.

Treni ina saa yake ya kuondoka, na kiwanda cha mkonge kina saa yake ya kuanza kazi. Watu waliokuwa wakiipima siku kwa jua na kwa adhana wakalazimika kuipima pia kwa mshale. Hata hivyo, hawakuacha hesabu yao. Mpaka leo mshale mfupi ukisimama kwenye 7 asubuhi, Mswahili husoma saa moja.

Saa ya bei nafuu nayo ina historia yake. Mwaka 1867, Georges Frédéric Roskopf, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uswisi, alitoa saa ya mfukoni ya faranga 20 iliyokusudiwa mfanyakazi wa kawaida. Alipunguza idadi ya vipande na kuacha mapambo, na ubora akautia pale tu ulipohitajika. Wazo hilo la saa ya mtu wa kipato kidogo lilienea duniani.

Baadaye Wajapani walileta Seiko 5 mwaka 1963, saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. India nayo, kupitia kampuni ya umma ya HMT, ilianza kutengeneza saa mwaka 1961 huko Bangalore kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Saa za aina hizi, ambazo zilitengenezwa kwa wingi, ndizo zinazomfaa anayeanza, kwa kuwa si ghali na vipuri vyake hupatikana kutoka kwa saa nyingine za aina hiyohiyo.

Yaliyoipata saa yaliupata na mkonge

Desemba 25, 1969, Seiko ilizindua mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi kuuzwa, iliyotumia betri. Bei yake ilikuwa yen 450,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Lakini katika muda wa miaka kama 10 saa za betri zilishuka bei kiasi cha kununuliwa na mtu yeyote, tena zikiwa sahihi kuliko za kujaza.

Uswisi iliumia. Wafanyakazi wa viwanda vya saa nchini humo, ambao walikuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walipungua hadi kufikia zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Mkazi wa Korogwe hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika miaka hiyohiyo kamba za plastiki ziliuondoa mkonge sokoni. Tanzania iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa ikizalisha chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Funzo la kiuchumi ni moja kwa bidhaa zote mbili. Bidhaa iliyoshindwa kwa bei hairudi sokoni kwa kupigania bei. Hurudi kwa kutafuta mnunuzi mwingine. Leo sehemu kubwa ya thamani ya saa ambazo Uswisi huuza nje inatokana na zile za springi, kwa sababu wapo watu wanaopenda kazi ya mkono. Mnunuzi wa saa kuukuu iliyofufuliwa ni wa kundi hilo. Hanunui majira, kwani anayo kwenye simu. Ananunua kumbukumbu, au kitu kinachotembea bila betri.

Jinsi inavyofanya kazi

Saa ya kujaza ina springi kuu iliyokunjwa ndani ya kopo dogo. Ukiijaza, springi hukaza, na inapojikunjua husukuma gia kadhaa. Ikiachwa hivyo ingejikunjua yote mara moja, kwa hiyo kuna kipande kinachofanya kazi kama mlinzi wa geti, ambacho hufungua na kufunga ili jino moja tu la gia lipite kwa wakati. Mlio wa "tik-tik" unatoka hapo.

Anayempangia mlinzi huyo mwendo ni gurudumu dogo linalokwenda na kurudi kwa nguvu ya springi nyembamba kama unywele. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, ambazo ni mara 432,000 kwa siku.

Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo saa inayochelewa dakika moja kwa siku ina kosa lisilofika hata sehemu moja katika 1,000. Wauzaji wengi wangefurahi kuwa na mizani yenye usahihi huo.

Kabla ya kununua gulioni

Mazungumzo ya gulioni yanafahamika.

"Shikamoo mzee. Hii saa inatembea?"

"Marahaba mwanangu. Ukiitikisa inatembea."

Jibu hilo halitoshi. Ijaze kidogo na uisikilize. Ikianza kutembea kisha ikasimama, huenda tatizo ni uchafu tu. Kitufe cha kujazia kikizunguka bila kukaza hata kidogo, springi kuu huenda imekatika. Lakini kuwa mwangalifu na Seiko 5, kwa sababu baadhi ya matoleo ya zamani hayajazwi kwa kitufe kabisa. Hizo hutikiswa taratibu kwa nusu dakika hivi.

Saa inayokimbia sana, kwa mfano dakika kadhaa kwa kila saa moja, mara nyingi imeshikwa na sumaku baada ya kuwekwa karibu na spika. Fundi wa redio mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huweza kuitibu.

Angalia kutu. Vumbi huoshwa, lakini kutu iliyokula ekseli na gia ni hasara. Angalia pia uso unaong'aa mno kuliko kasha lake. HMT iliagizwa kufunga biashara ya saa mwaka 2016, na saa nyingi zenye jina hilo zinazouzwa sasa kama mpya zimeunganishwa kwa vipande vya saa tofauti na kupakwa rangi upya. Si vibaya kuinunua saa ya namna hiyo, ila isiwe kwa bei ya saa halisi.

Vifaa na hatua za kwanza

Anayeanza anahitaji bisibisi ndogo za aina mbili au tatu, kibano chenye ncha kali, kioo cha kukuzia cha kubana jichoni, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, oili maalumu ya saa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Sahani yenye vyumba vidogo husaidia kupanga vipande kwa mpangilio vilivyotoka.

Mfuniko wa nyuma wa kuzungusha mara nyingi hufunguka kwa mpira laini wa kushika vizuri, ukikandamizwa na kuzungushwa kinyume na mshale wa saa. Ule wa kubana huinuliwa kwa ncha bapa.

Kanuni ya kwanza ni kulegeza springi kuu kabla ya kufungua kitu chochote ndani. Anayesahau huona gia zikizunguka kwa kasi na meno kuvunjika. Kanuni ya pili ni kutokuugusa ule unywele, kwani ukipinda ni mafundi wachache wanaoweza kuunyoosha.

Kanuni ya tatu ni mafuta. Tone la saa ni dogo kuliko kichwa cha sindano, na likizidi hukusanya vumbi. Mafuta ya kupikia huganda na kunata, hivyo yasitumike kamwe. Ile springi ya unywele haipakwi mafuta kabisa.

Saa ikishatembea, kidole kidogo kilicho juu ya gurudumu hurekebisha mwendo. Alama za "+" na "−", au herufi A na R kwenye saa nyingi za Uswisi, huonyesha upande wa kuharakisha na wa kuchelewesha. Sogeza kidogo, subiri siku nzima, kisha linganisha na simu.

Saa ya kwanza ya kujifunzia iwe mbovu isiyo na thamani. Wanaoanza na saa ya marehemu babu hujuta.

Hesabu kwenye daftari

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu ananunua saa tano kwa Sh 5,000 kila moja, jumla Sh 25,000. Mbili anazichinja ili kupata vipuri na tatu zinatembea. Mikanda na vioo vinamgharimu Sh 9,000. Akiuza tatu hizo kwa Sh 20,000 kila moja anapata Sh 60,000, na baada ya gharama anabaki na Sh 26,000.

Fedha hiyo inavutia, lakini kama kila saa ilichukua saa nne za kazi, ametumia saa 20. Malipo yake ni Sh 1,300 kwa saa moja. Kama vifaa vilimgharimu Sh 40,000, itabidi arudie mzunguko huo mara mbili ndipo virudishe gharama, na hapo abakiwe na Sh 12,000 tu.

Sasa tuchukue hali mbaya: kati ya tano, moja tu imetembea. Anauza Sh 20,000, amenunua kwa Sh 25,000 na mkanda na kioo ni Sh 3,000. Amepata hasara ya Sh 8,000 kabla ya kuhesabu muda wake.

Kwa hiyo anayeanza aihesabu kazi hii kama burudani inayojilipia, si kama mradi. Atenge fedha ambayo hata ikipotea mbegu zitanunuliwa na ada ya shule italipwa. Aandike kila saa kwenye daftari: bei ya kununulia, vipuri, siku alizotumia na bei ya kuuzia. Na mvua zikianza, meza ifungwe. Palizi haisubiri, ila saa iliyosimama miaka 30 inaweza kusubiri miezi mitatu mingine.

Fedha ya uhakika zaidi mara nyingi ni ya kubadilisha mikanda, vioo na betri za saa za majirani. Kazi hiyo haina sifa kubwa, lakini mteja huja na saa yake mwenyewe na mtaji wa fundi haulali.

Saa isiyofunguliwa

Hatari kubwa ya kazi hii haionekani kwa macho. Saa nyingi za kung'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kuisha zilipakwa rangi yenye radi, madini yenye mionzi. Huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walielekezwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa na taya, na baadhi walikufa. Kesi ya watano kati yao iliishia kwa makubaliano ya fidia mwaka 1928.

Wengi hudhani kuwa rangi isiyong'aa tena imekwisha nguvu. Si kweli. Kinachochakaa ni kemikali inayotoa mwanga, lakini radi yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Saa iliyokoma kung'aa bado ina mionzi.

Saa ikiwa ndani ya kasha lake, hatari kuu imefungiwa. Ikifunguliwa, rangi iliyokauka humeguka kuwa vumbi ambalo huvutwa puani au kuingia katika chakula. Kwa hiyo saa ya zamani yenye namba au mishale iliyopakwa rangi nene ya kahawia au njano isifunguliwe, isikwanguliwe wala isipulizwe, na isiwekwe karibu na watoto au mahali pa kulia. Iachwe ilivyo, hata kama muuzaji anaitoa bure.

Jambo la pili ni moto. Petroli ya kuoshea vipande hutoa mvuke unaoshika moto haraka. Ioshwe nje mchana, mbali na kibatari, jiko na sigara.

Faida nyingine

Anayezingatia hayo hatatajirika, lakini atapata kitu ambacho hesabu ya daftari haikionyeshi vizuri. Mkono uliozoea kupanga gia na kutafuta kosa kwa subira hauogopi kufungua pampu ya kunyunyizia dawa, cherehani au kabureta ya pikipiki, na huacha tabia ya kulazimisha skrubu.

Na katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe ipo saa ya baba au babu ambayo haitauzwa kwa bei yoyote. Siku itakapotembea tena, mwenyewe atalipa gharama ya mkanda na kushukuru. Kwa fundi wa kiangazi, huyo ndiye mteja wa kwanza wa kumtafuta, lakini baada ya kuharibu, kujifunza na kutengeneza saa kadhaa zisizo za mtu.